Visima vya Isiolo: maji yapo chini, mota ndiyo iliyoungua

Ramadhani ikikaribia, simu zetu huku Pwani huanza kujaa picha za visima. Kisima cha Merti, kisima cha Garba Tula, kisima cha kijiji ambacho hata jina lake hatujawahi kulisikia. Picha ni zile zile: maji yanaruka kutoka bombani, watoto wamekinga mikono, na nyuma yao tangi jeusi juu ya nguzo za chuma, lina kibao chenye jina la marehemu aliyetolewa sadaka. Watu hutoa. Mwenye mia hutoa mia, mwenye elfu kumi hutoa elfu kumi, na kuna wajane wa Kibokoni na Majengo wanaotoa wasichokuwa nacho. Sadaka ya maji ina daraja yake, na Isiolo ni mahali panapoistahiki.

Swali langu ni la mwaka wa pili na wa tatu, wakati kibao kingali pale na tangi li kavu.

Tukumbushane kidogo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya bila mvua ya maana. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Nchini mwetu mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa, na kwa Mborana au Msomali wa Isiolo mfugo ndio benki, ndio mahari, ndio karo ya shule. Mto Ewaso Nyiro ukawa mchanga mtupu huko chini. Sote tuliyaona hayo kwenye runinga.

Tusichoonyeshwa ni kwamba chini ya mchanga ule, mahali pengi maji yalikuwepo. Upande wa Merti ndiko unakoanzia mkondo mkubwa wa maji ya chini ya ardhi unaoitwa kwa jina la mji huo, unaopita Habaswein na kuteremka hadi Dadaab, ambako umewanywesha wakimbizi tangu miaka ya 1990. Maji haya hayapatikani kwa kamba na ndoo. Yapo mita mia moja na zaidi chini, na kinachoyapandisha kwa kawaida ni pampu yenye mota ya umeme iliyozamishwa humo humo majini. Mota ikifa, maji yaliyo chini ya miguu yako ni sawa na maji yaliyo Mombasa.

Nilikwenda Isiolo baada ya Idi pamoja na wazee wawili wa kamati ya msikiti wetu. Tulikuwa tumepigiwa simu kwa mara ya tatu: kisima kimesimama, tuleteeni pesa za mota. Mota ya kwanza iliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ya pili haikumaliza kiangazi. Wazee walikuwa na dhana yao, na haikuwa dhana njema: kuna mtu huko anakula pesa zetu. Mimi nilisomea umeme chuoni na nikashika spana miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, ndiyo sababu wakanichukua.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Garba Tula, mbali na nguzo za umeme wa taifa. Kisima kina mita 120 hivi. Pampu na mota vimening'inizwa chini kwa mabomba ishirini ya mita 6 kila moja, na juu kuna jenereta ya dizeli katika kibanda cha mabati. Kuitoa mota iliyoungua ni kukodi lori lenye winchi kutoka mjini, kufungua bomba moja baada ya jingine, na siku nzima ya vijana kuvuta. Zote hizo ni gharama kabla hujanunua mota yenyewe.

Hatukumkuta mwizi. Tulipofungua sanduku la umeme lililo ukutani, tulikuta kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeunganishwa kutoka upande huu wa rilei hadi upande wa pili. Rilei yenyewe ilikuwapo, nzima, haina kazi. Kando yake zilining'inia nyaya nyembamba za vipima-maji, zimekatwa na kufungwa fundo.

Mzee anayeangalia kisima, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia safi, hakuficha kitu. "Ustadh," akaniambia, "hii ilikuwa inazima kila saa. Ngamia wamefika, kina mama wamepanga mitungi, mashine inazima. Fundi akaja akasema ubaya uko hapa, akaweka huo waya. Tangu siku hiyo haikuzima tena."

Haikuzima tena mpaka ilipokufa.

Hapo ndipo ulipo mjadala wote, na ndiyo maana sikuweza kumlaumu yule mzee. Kwake yeye, na kwa mama aliyetembea tangu alfajiri na punda wake, kile kidude kinachozima mashine ndicho adui. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kilikuwa kinapiga kelele ya moto.

Mota haifi kwa kufanya kazi. Mota inakufa kwa joto. Ndani yake kuna koili za waya wa shaba uliopakwa vanishi, na vanishi hiyo ndiyo inayozuia waya mmoja usigusane na mwingine. Kila vanishi ina kiwango chake cha joto. Ziko za daraja linalostahimili nyuzi 130, ziko za 155. Mafundi wana kanuni ya miaka mingi: kila nyuzi 10 unazozidisha juu ya kiwango, umri wa vanishi unakatika nusu. Kwa hiyo mota iliyotengenezwa iishi miaka kumi na mitano inaweza kumalizwa kwa kiangazi kimoja, na siku inapoungua watu husema "imekufa ghafla". Haikufa ghafla. Ilikuwa inapikwa polepole mita 120 chini, mahali ambapo huwezi kuisikia ikinguruma wala kunusa harufu yake.

Joto hilo linatoka wapi? La kwanza ni fezi kupotea. Mota za visima vikubwa hutumia nyaya tatu za umeme, fezi tatu, kwa volti 415. Fyuzi moja ikikatika, au skrubu moja ikilegea kwa mtikisiko wa jenereta, mota haisimami. Inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, na ili ibebe mzigo ule ule inavuta ampia takriban mara 1.7 kwenye nyaya zilizobaki. Joto la waya halipandi sambamba na ampia, linapanda kwa mraba wake: 1.7 mara 1.7 ni karibu mara tatu. Rilei ya kuzidiwa imewekwa kwa ajili ya hilo. Ndani yake mna vipande vya metali mbili tofauti vilivyobanwa pamoja. Vikipata joto vinapinda, vinakata. Ni kifaa kidogo kuliko kiganja, na bei yake ukiilinganisha na bei ya mota, usafiri na lori la winchi, haifiki hata sadaka ya Ijumaa moja msikitini kwetu.

Hata fezi zote tatu zikiwapo, zikiwa hazilingani mota inaumia. Volti zikipishana kwa asilimia tatu na nusu tu, joto la koili hupanda kwa kadiri ya robo zaidi. Asilimia tatu na nusu huwezi kuiona kwa taa. Lazima upime.

La pili ndilo la ukame hasa, na hapa hata mafundi wengine hukosea. Mota ya kisimani haina feni. Inapozwa na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea kwenye pampu. Watu wakipampu saa nyingi, maji ya kisimani hushuka kuliko kisima kinavyoweza kujijaza. Yakifika chini ya pampu, inavuta hewa, mkondo unakatika, na mota inabaki imekaa katika maji yaliyotulia inayoyachemsha yenyewe. Angalia ujanja wa jambo hili: pampu inayovuta hewa haina mzigo, kwa hiyo ampia zake zinashuka. Rilei ya kuzidiwa inangoja ampia zipande, haitaona kitu. Mota itaungua na rilei imetulia tuli. Kinachoweza kuiokoa ni vile vipima-maji vinavyoning'inizwa kisimani kuzima mashine maji yakishuka, au rilei inayotambua ampia zilizopungua. Vyetu vilikuwa vimefungwa fundo.

Sasa weka hayo kando ya jambo moja lililochapishwa na watafiti mwaka 2019. Walikuwa wamefunga vitambuzi kwenye pampu za visima kaskazini mwa Kenya na nchini Ethiopia, wakawa wanasoma kwa setilaiti pampu zinafanya kazi saa ngapi. Walikuta kwamba wakati wa ukavu mkubwa zaidi, saa za pampu huzidi kwa kadiri ya asilimia 23 zikilinganishwa na wakati wa mvua nyingi. Yaani mota hulazimishwa zaidi wakati ule ule maji yanaposhuka, jua linapochoma kibanda cha mabati, na jenereta imechoka. Kisima hakifi wakati wa mvua ambapo watu wana mabwawa. Kinafia siku ambayo hakuna pengine pa kwenda.

Msidhani ni habari za nyika tu. Mji wa Isiolo wenyewe uko kwenye gridi ya taifa kama sisi, na gridi hiyo tunaijua. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ikaja tena Novemba na Desemba mwaka huo huo, na 2024 hatukusalimika. Watu hulalamikia giza, mimi huogopa umeme unaporudi. Mota inapoanza kuzunguka huvuta ampia mara tano hadi saba ya kawaida kwa muda mfupi. Umeme ukirudi mtaani, friji zote, vinu vyote, pampu zote zinaanza kwa pamoja. Volti zinaanguka, mota zinashindwa kuzunguka, zinabaki zikinguruma na kujipika. Kisha stima inapotea tena baada ya dakika mbili na mambo yanaanza upya. Ndiyo maana pampu yoyote ya maana yafaa iwe na kifaa cha kuichelewesha dakika chache mpaka volti zitulie. Imamu wa msikiti mmoja hapa Mombasa aliwahi kuniambia wamebadilisha mota ya kisima cha udhu mara nne. Nikamwuliza kuna nini kwenye sanduku la swichi. Akajibu: swichi.

Turudi Isiolo, tuulize nani mwenye jukumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti huduma ya maji. Kuchimba kisima kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Fundi wa umeme anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Kwenye karatasi kila mlango una bawabu wake. Lakini mwenye idhini ya maji anatazama shimo na kiasi cha maji, mwenye leseni za mafundi yuko Nairobi, na kaunti inakuja kukata utepe. Zabuni nilizowahi kuziona hutaja pampu kwa nguvu yake na kampuni iliyoitengeneza, tangi kwa lita zake, halafu mwishoni kuna maneno "pamoja na vifaa vyake". Kinga ya mota imelala ndani ya maneno hayo manne, na mkandarasi anayetaka faida anajua pa kukata.

Na sisi wafadhili, tusijitoe. Sisi hatuna hata zabuni. Tunatuma pesa kwa mtu anayemjua mtu, tunadai picha ya maji yanayoruka na picha ya kibao. Sijawahi kuona kamati iliyodai picha ya sanduku la umeme likiwa wazi. Kanuni za Uingereza za ufungaji wa umeme, ambazo wengi wa rika langu tulizisomea, zinataka kila mota inayozidi kilowati 0.37 iwe na kinga ya kuzidiwa. Mota ya kisima chetu ni ya kilowati 7.5, mara ishirini ya hiyo, na ilikuwa inalindwa na kipande cha waya.

Kuna wanaosema sola imemaliza tatizo. Imelipunguza, nakiri. Sanduku la sola la siku hizi huja na kinga nyingi ndani yake, hata ya kisima kikavu, na halimwombi mtu dizeli. Lakini nimeona masanduku hayo yamefungwa ndani ya vibanda vya mabati visivyo na dirisha, katika jua la Isiolo, yakijizima saa saba mchana kwa joto lao wenyewe. Nimeona pia kipima-maji kimekatwa kwa sababu ile ile ya yule mzee. Na radi za mvua za kwanza hazichagui; waya wa ardhi ukiwa umefungwa kwenye msumari, radi itapita kwenye sanduku.

Wengine wataniambia, na wana haki, kwamba rilei za bei rahisi huzima bila sababu, na kwamba kijijini hakuna wa kuja kuangalia. Ni kweli. Kinga bila mtu wa kuisikiliza ndiyo iliyozaa ule waya mwekundu. Kwa hiyo fedha isiishie kwenye kuchimba. Sisi watu wa Pwani tunalo jambo hili katika mila zetu kuliko wengi. Babu zetu walipoweka wakfu msikiti, waliweka pamoja nao shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, ili pato litengeneze paa. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba pato la wakfu huanza kwa kuutengeneza wakfu wenyewe. Tumeacha wapi elimu hiyo tunapochimba visima? Kisima kisicho na fungu la fundi ni msikiti uliojengwa bila mlango.

Kamati yetu iliamua hivi, baada ya mabishano ya usiku mzima kwenye nyumba ya wageni mjini Isiolo. Tuliahirisha kisima kipya tulichokuwa tumeahidi kijiji kingine, jambo lililowauma wazee na mimi pia, kwani kile kijiji hakina chochote. Pesa ile ikanunua mota, rilei mpya ya kuzidiwa, rilei ya kutazama fezi na volti, vipima-maji na waya wake, na kifaa cha kupitisha radi ardhini. Kilichobaki kiliwekwa kando kwa ajili ya fundi mwenye leseni kutoka mjini kwenda kila baada ya miezi mitatu. Tulimwachia mzee daftari la shule: kila asubuhi aandike volti za fezi tatu, ampia za fezi tatu, saa ya kuwasha, saa ya kuzima. Hasomi sana, lakini mjukuu wake wa kike yuko darasa la saba na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Rilei ikawekwa kwenye ampia zilizoandikwa kwenye mota yenyewe, si juu zaidi "ili isisumbue".

Wiki ya kwanza ilizima mara nne. Nilipigiwa simu ya hasira. Nyuma nilisikia ngamia na sauti za kina mama. Mjukuu akachukua simu akanisomea daftari. Ampia zilikuwa sawa. Volti asubuhi zilikuwa 410, na kila kabla ya mashine kuzima ziliporomoka chini ya 370, fezi zote tatu kwa pamoja. Nikamwuliza babu yake alikuwa ameweka dizeli kiasi gani. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akiuliza kwa Kiborana, na jibu likaja: walikuwa wakiiendesha jenereta mpaka tangi la dizeli linakauka, injini inachoka polepole huku mota ingali imeungana nayo. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Nikamwambia wazime pampu kwanza, halafu jenereta, na wasingoje dizeli iishe.

Haijazima tena tangu Jumatano ile, na safari hii waya uko mahali pake.